Kuitazama Nyumba kwa Jicho la Moto

Mwenye nyumba huitazama nyumba yake kwa macho matatu. Kwa jicho la mvua hutazama bati lililotoboka na ukuta unaonyonya maji. Kwa jicho la mwizi hutazama makomeo, nondo za madirisha na urefu wa ua. Kwa jicho la mgeni hutazama rangi, maua na viti vya barazani. Macho hayo matatu tunarithishwa tangu utotoni, na kila moja lina fundi wake mjini. Jicho la nne, yaani jicho la moto unaotoka nje, ni wachache walio nalo. Na tatizo lake ni kwamba mara nyingi hupingana na yale matatu ya kwanza. Nondo inayomzuia mwizi asiingie ndiyo hiyo hiyo inayomzuia bibi kizee asitoke. Ua unaompendeza mgeni ndio unaoupokea moto shambani na kuufikisha jikoni.

Nasema moto unaotoka nje ili nisiuchanganye na ule tunaoufahamu zaidi, wa kibatari kilichoanguka, wa jiko la mkaa lililoachwa ndani, au wa waya wa umeme uliochakaa. Huo nao unaua, tena sana, lakini si mada yangu hapa. Moto ninaousema ni wa nyasi, mabua, vichaka na misitu. Huanzishwa na watu wasio na ugomvi wowote nawe: mrina asali aliyeacha mwenge wake chini ya mti, mchoma mkaa aliyelala, mfugaji anayetaka majani mapya yachipue kabla ya vuli, mkulima anayesafisha shamba kwa njia ya mkato. Kila mmoja wao alikusudia moto mdogo.

Katika Arusha yetu masika huisha mwezi Mei. Juni na Julai huwa na baridi na mawingu, na mtu anayeishi mjini hudhani nchi bado ni mbichi. Lakini chini ya mawingu hayo nyasi huwa zimeanza kunyauka, na ifikapo Septemba na Oktoba huwa zimekauka kiasi cha kuvunjika mkononi kwa sauti. Si huko mlimani tu. Hata sisi wa Themi, tulio ndani ya jiji, tunazo kingo za mto wetu zilizojaa magugu, na tunavyo viwanja ambavyo wenyewe wamevizungushia ukuta wakaenda zao, nyasi zikabaki kuwa mali ya yeyote mwenye kiberiti.

Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka katika Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, mahali wanapopumzika wapandaji walio njiani kati ya Mandara na Horombo. Uliwaka kwa zaidi ya wiki moja ukateketeza kilometa za mraba zipatazo 95. Mamia ya watu, wakiwamo askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji, walipanda kwa mapanga, majembe na matawi mabichi. Oktoba 2022 ukazuka mwingine, upande wa kambi ya Karanga. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima ule kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba moto wa mara kwa mara umeushusha mpaka wa juu wa msitu, na kwamba maji yanayopotea kwa kuungua miti inayokinga ukungu ni mengi kuliko yale yanayopotea kwa kupungua barafu. Jambo hilo lingestahili insha yake peke yake.

Lakini picha za usiku za mstari ule mwekundu mlimani zilifanya kazi nyingine ambayo hakuna aliyeikusudia. Zilitufanya tuamini kwamba moto wa porini ni ukuta mkubwa wa ndimi unaotembea, ukiikuta nyumba unaimeza. Mtu mwenye imani hiyo hufikia moja ya mambo mawili. Ama hujiambia kwamba ukuta ule uko mbali, kwa hiyo yeye yu salama. Ama hujiambia kwamba ukifika hakuna la kufanya, kwa hiyo asijisumbue. Yote mawili humwacha amekaa barazani.

Walioyachunguza mambo haya kwa vipimo wamekuta tofauti. Mmarekani mmoja, Jack Cohen, aliyefanya kazi ya utafiti katika idara ya misitu ya nchi yake, alishiriki majaribio ya miaka ya 1990 huko kaskazini-magharibi ya Kanada. Walisimamisha kuta za mbao mbele ya msitu, nyingine umbali wa mita 10, nyingine 20, nyingine 30, kisha wakauwasha msitu mpaka ukawaka hadi vileleni. Baadhi ya kuta za mita 10 zilishika moto. Za mita 20 na za mita 30 hazikushika. Sababu yake ni rahisi mtu akieleweshwa: moto mkubwa ni mkali lakini hauna subira. Ukimaliza majani na vijiti vya mahali hupita, na muda wake wa ukali kamili ni kama dakika moja hivi, wakati ubao mnene unataka zaidi ya hapo ili uwake kwa joto la mbali.

Basi nyumba huunguzwa na nini? Huunguzwa na cheche. Upepo huchukua vipande vya maganda na majani yanayowaka, ukavirusha mbele ya moto wenyewe, pengine zaidi ya kilometa moja, vikaanguka kama mvua juu ya kila kitu. Vingi huzimika. Kimoja kikidondokea kwenye majani makavu yaliyojaa katika mfereji wa bati, au kikipenya chini ya paa na kukuta kiota cha ndege, kazi imekwisha. Mji wa Paradise, California, ulipoteketea Novemba 2018 wakafa watu 85, wapiga picha walikuta mahali pengi nyumba imebaki majivu na msingi, na mti uliokuwa pembeni yake umesimama na majani yake ya kijani. Na Lahaina, kisiwani Maui, Agosti 2023, mtaa mzima uliungua ikabaki nyumba moja nyeupe yenye paa jekundu, watu wakasema ni muujiza. Wenye nyumba walieleza kwamba walikuwa wameezeka upya kwa bati nene, wakang'oa mimea iliyoegemea ukuta, wakaweka mawe chini ya mapaa pande zote. Wala hawakufanya hivyo kwa hofu ya moto. Walikuwa wanaikarabati nyumba ya zamani tu.

Bati tunalo. Ukisimama mahali pa juu ukatazama Arusha utaona bati mpaka macho yachoke, na mtu anaweza kusema kwamba basi sisi tumeshinda nusu ya vita. Wazee wa milimani hapa waliezeka kwa nyasi na majani ya migomba, na nyumba ya namna hiyo kiberiti kimoja kinaitosha. Wameru wa Engare Nanyuki waliliona hilo mwaka 1951, serikali ya kikoloni ilipowafukuza katika ardhi yao ili wapewe walowezi, nyumba zao zikachomwa moto. Kisa hicho ndicho kilichomfikisha Kirilo Japhet Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Lakini tazama nyumba ile ya nyasi ilisimama wapi. Ilisimama katikati ya migomba. Mgomba ni maji yaliyosimama wima. Chini yake mna kahawa, magimbi, na mahali pengi mfereji unapita. Moto wa nyikani ukifika hapo hukosa chakula ukafa kabla ya kuiona nyumba. Wazee walijenga nyumba dhaifu mahali penye nguvu. Sisi tumejenga nyumba zenye nguvu, kisha tukang'oa migomba, tukapanda ua wa misaiprasi na kibustani cha miti inayotoa utomvu, tukaegemeza kuni ukutani na kumweka ng'ombe wa ndani na mabua yake hatua tano kutoka dirishani.

Nisingeyachimba mambo haya kiasi hiki kama dada yangu asingekuwa na nyumba mlimani.

Dada amepita miaka themanini. Anaishi juu ya Ngaramtoni, mahali mashamba yanapokutana na msitu wa kupandwa, katika nyumba aliyoijenga marehemu mumewe mwaka 1978. Anaishi na mjukuu wa miaka kumi na mmoja na ng'ombe wawili. Mwezi Agosti 2024 moto wa mabua ulitoka mashamba ya chini ukapanda mpaka mita chache kutoka uani kwake. Majirani waliuzima kwa matawi na udongo. Wanawe, walio mjini, wakakubaliana kwamba mama ahamishwe. Mama akakataa. Wakaja kwangu, kwa kuwa mimi ni mjomba wao na kwa kuwa mwalimu mstaafu hudhaniwa kuwa hana shughuli, wakasema: "Mjomba, nenda ukaikague. Ukisema ahame, atakusikiliza. Ukisema abaki, tutanyamaza." Nilikagua majengo mengi katika kazi yangu, lakini ukaguzi ambao kosa lake ni uhai wa dada yako ni jambo jingine. Nilimwomba rafiki yangu mmoja, bwana misitu mstaafu aliyesomea Olmotonyi, katika kile chuo cha misitu cha tangu mwaka 1937, anisindikize.

Ilikuwa Septemba. Dada alikuwa ameketi barazani akichambua maharage.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Mwalimu. Umekuja kunisalimia au kunihamisha?"

Nikamwambia nimekuja kutazama. Akasema kutazama hakuna ushuru.

Mimi nilitaka kuanzia upande wa juu, palipo na msitu, kwa maana huko ndiko macho yanakokwenda. Bwana misitu akanigeuza. Moto, akasema, hupanda kwa haraka kuliko unavyoshuka, kwa kuwa ndimi zake huinamia mteremko na kukausha kilicho mbele yake. Wao wana kanuni kwamba kwa kila nyuzi kumi za mteremko mwendo wake hukaribia kuwa maradufu. Tena mchana upepo wa mlimani hupanda. Kwa hiyo nyumba ya dada ilitishwa zaidi na shamba la mahindi lililo chini yake kuliko msitu ulio juu yake. Kutoka msituni zingekuja cheche, na usiku, upepo unapoteremka, moto wenyewe ungeweza kuja, ila taratibu. Kutoka shambani ungekuja mbio. Familia nzima ilikuwa imeuangalia msitu kwa mwaka mzima.

Tukaizunguka nyumba mara tatu. Mara ya kwanza tulitazama paa tu. Bati lilikuwa zima, lakini mifereji ya kukinga mvua ilikuwa imejaa majani ya misaiprasi, makavu, mepesi kama tumbaku. Chini ya mapaa, mahali bati linapokaa juu ya ukuta, mawimbi ya bati yalikuwa wazi. Ungeweza kupitisha vidole vitatu. Shomoro waliingia na kutoka mbele yetu. Ndani huko kuna kenchi za mbao za tangu 1978, na viota. Huo ndio mlango ambao mwizi hawezi kuutumia, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuufunga. Dawa yake ni wavu wa chuma wenye matundu madogo, au saruji tu, kazi ya fundi mmoja kwa siku moja.

Mara ya pili tulitazama ukuta na hatua moja au mbili za ardhi inayougusa. Watu wa fani hii wanaihesabu mita moja na nusu ya kwanza kuwa ndiyo inayoamua mengi, na baada yake hutazama mita 10, kisha mita 30. Ukuta wa dada ni wa matofali ya saruji, hauna neno. Lakini uliegemewa na kuni za mwaka mzima, zimepangwa kwa ustadi kabisa, chini ya dirisha la chumba cha mjukuu. Jiko la nje lilikuwa la mabanzi, limepakana na nyumba kubwa kwa paa moja. Mtungi wa gesi aliopewa na mwanawe ulikuwa nyuma ya jiko hilo. Na juu ya paa la jiko, matawi yake yakigusa bati, ulikuwa ua.

Ua huo wa misaiprasi ulianzia kwenye uzio wa shamba la chini, ukapanda ubavuni mwa kiwanja chote, ukaishia jikoni. Haukuwa umekatwa kwa miaka mingi. Kwa nje kijani, kwa ndani, ukitenga matawi, ni mavumbi matupu ya majani yaliyokufa. Bwana misitu hakusema kitu. Aliingiza mkono, akatoa ganzi moja la majani makavu, akanionyesha. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, nasi kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kusifia ushirikiano. Hapo ilisimama kwa maana yake ya asili: mabua yangeupa ua, ua ungelipa jiko, jiko lingezipa kuni, kuni zingelipa dirisha.

Ni desturi ya walimu kutoa alama, na nilikuwa na daftari. Ukuta mzuri. Bati zuri. Tangi la maji lipo, lita elfu mbili. Njia ya gari ipo, ingawa kutoka mjini gari la Zimamoto, hata ukipiga 114 mara tu unapoona moshi, litakuta mambo mengi yamekwisha kuamuliwa. Kwa hesabu ya mtihani nyumba ile ingepata wastani wa kuridhisha. Ila moto hautafuti wastani. Mtoto akishindwa swali la tatu anaweza kuokolewa na la nne. Moto huliuliza jengo swali moja tu, lile ambalo jengo haliwezi kulijibu. Kwa hiyo siamini orodha za alama katika jambo hili, na nimeona baadhi zilizochapishwa nchi za nje zikijumlisha na kugawanya. Afadhali mtu azunguke nyumba akijiuliza mahali pamoja pabaya kuliko pote ni wapi, aparekebishe, kisha azunguke tena.

Mara ya tatu tulizunguka kwa ndani, na hapo ndipo nilipoingiwa na baridi. Madirisha yote yana nondo zilizochomelewa, kama nyumba zote nchini. Mlango wa mbele una kufuli la ndani, na dada hulala na ufunguo chini ya mto wa kulalia kwa sababu anaogopa wezi. Mlango wa nyuma hutokea jikoni, yaani mahali pale pale moto ungeingilia. Nilimwomba mjukuu ajilaze, kisha amtoe bibi yake nje mpaka barabarani kana kwamba ni usiku. Tulipima kwa saa yangu. Kuutafuta ufunguo, kuvaa viatu, kutafuta fimbo, kufungua: dakika saba. Dada alicheka njiani, na mimi sikuweza kucheka.

Jioni tulizungumza juu ya ua. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Miche ile marehemu aliibeba kichwani kutoka kitaluni, safari mbili, mwaka tuliohamia. Watoto wangu wote walijifunza kusimama kwa kuushika."

Nikasema tukate sehemu tu, mita 10 za karibu na jiko.

"Ukikata sehemu, mdogo wangu, umekata."

Sikuwa na jibu. Hesabu za mita 10 na 30 hazina mahali pa kuandika jambo kama hilo, na sidhani kwamba zingekuwa sahihi zaidi kama zingekuwa napo. Lakini mtu anayekagua nyumba ya watu bila kuliona hukagua matofali tu. Asubuhi yake dada mwenyewe akachukua fimbo, akatembea kutoka jikoni kwenda chini, akigusa mti mmoja mmoja. Alipofika mti wa tisa akasimama. "Mpaka hapa," akasema. "Wa kumi ndipo palipokuwa bembea." Bwana misitu akapima kwa hatua. Zilikuwa mita 11.

Ripoti niliyowaandikia wajomba zangu ilikuwa kurasa mbili. Niliandika kwamba nyumba inaweza kusimama na mama anaweza kubaki, kwa masharti, na nikayataja kwa mpangilio wa haraka yake. Kwanza ufunguo na nondo: ufunguo utundikwe kwenye msumari kando ya mlango kila usiku, na dirisha moja la kila chumba cha kulala litengenezewe nondo za kufunguka kwa komeo la ndani. Fundi wa kuchomelea wa Ngaramtoni aliifanya kazi hiyo kwa siku mbili. Kisha miti tisa, mifereji, wavu chini ya mapaa. Kuni na mabua ya ng'ombe vipelekwe hatua thelathini, upande usio wa upepo. Jiko la mabanzi litengwe na nyumba. Upande wa chini, badala ya safu tatu za mwisho za mahindi, wapande migomba na kuifagilia majani makavu, kwa maana mgomba usiofagiliwa huvaa joho la kiberiti. Niliweka sahihi yangu. Nikiri kwamba mkono ulikuwa mzito, kwa sababu ukisema ahame na moto usije, umemnyima mtu nyumba yake bure. Ukisema abaki na ukaja, hakuna wa kukutetea, hata wewe mwenyewe.

Yalifanyika karibu yote kabla ya vuli ya mwaka ule. Desemba tulipima tena kwa saa: dakika mbili na nusu, na mjukuu alitaka turudie avunje rekodi yake. Miti tisa ilipasuliwa mbao, na mojawapo imekuwa benchi la barazani.

Kuna sharti moja ambalo halikutekelezwa, na halikuwa la dada. Ubavuni kwake, upande wa mashariki, kuna kiwanja cha mtu anayeishi Dar es Salaam. Amekinunua, ameweka mawe ya mipaka, hajakitia jembe. Nyasi zake humfika mtu kifuani. Yote tuliyofanya uani kwa dada yanaishia kwenye jiwe la mpaka, na moto hausomi mawe ya mpaka. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima juu ya uchomaji wa majani: huchomi bila idhini, na huchomi bila jirani kujua. Inamdhibiti anayewasha. Jirani huyu hajawasha kitu. Ameacha tu.

Vijana wa kitongoji walipendekeza wazichome wenyewe siku isiyo na upepo, wakisema dawa ya moto ni moto. Niliwaambia methali hiyo haikusema nani awashe, tena katika kiwanja cha nani. Mwenyekiti wa kitongoji alinipa namba ya simu ya mwenye kiwanja. Nilimpigia Julai 2025. Ni kijana muungwana; alinisalimu shikamoo, akanishukuru kwa kumjulisha, akasema atatuma hela ya kufyeka mwisho wa mwezi. Nilimpigia tena Agosti. Akasema hela imetumwa kwa mtu, na kumbe mtu huyo hajaonekana.

Basi tumekubaliana na dada kwamba wanawe wafyeke ukanda wa mita 10 ndani ya kiwanja hicho kando ya mpaka, kwa ruhusa ya simu ya mwenyewe, na nyasi zile wapewe ng'ombe. Wameanza Jumamosi. Dada anakaa kwenye benchi lake jipya akiwahesabia mistari.